Siku Baba Alipozikwa Nikiwa Baharini

Nilistaafu jeshi la majini nikiwa kanali, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kitu cha kwanza nilichofanya nyumbani Kitale ni kulala. Nililala karibu wiki mbili. Mke wangu aliniacha kitandani akienda shambani, akirudi ananikuta palepale. Shamba lile alikuwa amelilima peke yake miaka yote niliyokuwa Mombasa.

Nilipopata nguvu nilijaribu kusaidia. Niliwapanga vibarua mistari kama mabaharia, nikawagawia zamu. Waliniitikia, "Ndiyo, afande," kisha wakamwendea mke wangu kumuuliza wafanye nini hasa. Siku ya tatu akaniambia, "Baba watoto, hapa si melini. Nenda Misikhu ukamwone mama yako. Tangu urudi hujaenda."

Alijua kwa nini sijaenda.

Baba alifariki nikiwa kamanda wa meli ya doria. Tulikuwa baharini siku ya tano, tukizifuatilia meli za kigeni zilizovua samaki bila kibali. Afisa wa redio aliniletea karatasi, akasimama pale bila kuondoka. Niliisoma, nikaikunja, nikamwambia tuendelee na mwelekeo uleule. Tulipotia nanga Mombasa, baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Watu wa Misikhu waliamini kwamba wakubwa wangu walininyima ruhusa, nami nikauacha uongo ule ukae. Kila likizo nilipita kwa mama saa moja tu, chai nusu kikombe, kisha nikasingizia safari.

Safari hii nilimkuta kibarazani akichambua maharagwe. Macho yake yalikuwa yamefifia, akanitambua kwa sauti. Tulizungumza Kibukusu, kama kawaida yetu.

"Umemaliza kazi yao?"

"Nimemaliza, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi kaa chini."

Nikakaa. Nadhani ni uchovu tu ulionifungua mdomo. Sikuwa nimepanga kusema lolote.

"Mama, siku zile za msiba wa baba, hakuna aliyeninyima ruhusa. Sikuomba."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Kwa nini?"

"Meli ile nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa. Niliogopa wangempa mtu mwingine."

Mama akausogeza ungo kando, akasema, "Tulikungoja siku mbili zaidi. Ndugu za baba yako walitaka jeneza lifungwe, mimi nikakataa. Nikawaambia, atakuja."

"Nisamehe, mama."

"Usiniharakishe. Miaka yote hii nimekuwa nikiwajibu watu kwa niaba yako." Akarudia maharagwe yake. Kisha akasema, "Saruji ya kaburi imepasuka, mvua inaingia. Jembe liko nyuma ya jiko."

Nilinunua saruji sokoni, nikabomoa ile ya zamani kwa mikono yangu. Binamu yangu alitaka kuniitia fundi, nikakataa. Kazi ya siku moja ilinichukua siku tatu. Mgongo uliuma, viganja vikatoka malengelenge, maana afisa mkubwa hupoteza mikono ya kazi kwanza. Siku ya tatu mama alikuja na mkongojo, akapapasa ukingo. "Hapa hukusawazisha," akasema. Nikasawazisha.

Baada ya hapo nilienda kila Jumamosi. Mara ua, mara paa la jiko, mara ng'ombe anaumwa. Sikumwomba tena msamaha, naye hakutamka kwamba amenisamehe.

Jumamosi moja alitembelewa na wanawake wa kanisani. Mmoja wao, akinionea huruma, akasema ni vibaya serikali kumnyima mtoto nafasi ya kumzika babake. Niliinamia kikombe changu. Nilimngoja mama ajibu kama alivyojibu siku zote.

"Muulize mwenyewe," mama akasema. "Yuko hapa."

Nikaweka kikombe chini, nikawaeleza.