Mabua ya Bibi

Nimerudi Munisagara, kijijini kwa bibi, jana, na tangu nifike sijui nicheke au nilie. Ngoja nikusimulie wewe, hutanicheka.

Nilipokuwa darasa la nne nikiishi na bibi, alikuwa hachomi shamba. Akishavuna mahindi aliyalaza mabua chini, yakakaa hapo kiangazi chote. Ukikanyaga yanalia kwacha kwacha, lakini ukiyafunua, udongo wa chini ni mweusi, una ubaridi. "Na udongo nao ujifunike," alisema, "jua hili si la kuchezea."

Majirani walichoma yote. Walisema mabua yanafuga nyoka, na mmoja wao akipita hakosi neno: "Shikamoo bibi! Nyoka wako hawajambo?" Bibi anaitikia marahaba, anacheka. Mimi sikucheka. Shuleni watoto wa jirani huyo waliniita mjukuu wa nyoka, nami nikaona aibu.

Siku moja bibi alienda kliniki Kilosa. Nikachukua kiberiti. Kweli nilidhani atafurahi.

Aliporudi alisimama ukingoni mwa shamba, kanga mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Wananicheka, bibi."

Basi. Hakunipiga. Msimu ule mvua ilinyesha kidogo ikakata, mahindi yakakauka hayajafika magotini. Lakini ya majirani nayo yalikauka, ndiyo maana mpaka leo sijui: ilikuwa mvua, au mimi?

Baadaye mama akanichukua kwenda kuishi naye Mikumi, sikurudi tena wakati wa kiangazi mpaka jana. Muhula huu mwalimu wa kilimo ametufundisha kufunika udongo kwa mabua ili unyevu usipotee. Nilitaka kunyoosha mkono niseme bibi yangu anayajua haya, mkono ukakataa. Nikajiapia: nikifika nitamwomba msamaha, tuyalaze mabua pamoja.

Nilipitia shambani kwanza. Jeusi lote, limechomwa mpaka mipakani. Bibi nilimkuta kwenye kigoda, anapepeta mbaazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama! Umeliona shamba? Siku hizi nalisafisha kila mwaka. Wasije wakakucheka tena."

Daftari la kilimo lilikuwa begini. Nikasema, "Ahsante, bibi."

Leo asubuhi nimekwenda peke yangu, nikatembea taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nikisikiliza. Hakuna kilicholia. Majivu yameingia kwenye viatu, na bibi ananiita nikanywe uji.