Mtoto wa Paka Mwenye Mwili Mkubwa

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usimtetee mama yako. Mtoto wa paka tuliyepewa kijijini Murukulazo alikuwa na miezi mitatu tu, lakini alikaribia kulingana na paka mzima. Mama yako akataka kumrudisha siku hiyo hiyo.

“Mama, huyu ni paka pori. Atatumalizia vifaranga!”

Nikampapasa kama tupapasavyo mbuzi mnadani. Mbavu zilihisika chini ya ngozi, tumbo halikuvimba, na meno yalikuwa bado ya utoto.

“Huyu ni mtoto mwenye afya na mifupa mikubwa,” nikasema. “Mumeo naye alitambaa akiwa na mwili wa mtoto wa shule, wala sikumrudisha kokote.”

Akacheka mpaka akaketi chini, na paka akabaki kwetu.