Gego la Mama na Dripu Niliyoisahau

Mama yangu hana meno sita ya mbele ya chini. Yaling'olewa akiwa msichana, yote siku moja, kwa kipande cha chuma, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wa rika lake. Kesho yake akaenda kuteka maji. Hadithi hiyo tumeisikia mpaka tukaichoka. Ukilia kwa sababu ya sindano, utaambiwa habari za meno sita.

Kwa hiyo gego lake lilipoanza kuuma mwaka juzi, hakuogopa kung'olewa. Aliogopa kushindwa kula kichwa cha samaki. Nyumbani kwetu Otonglo, kichwa cha ngege ni cha Mama, na hakiguswi na mtu. Hukifungua kwa vidole, akanyonya mfupa mmoja mmoja mpaka ubaki mweupe, huku akiwasema majirani.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno mjini, kijana mpole. "Mama anatumia dawa gani?" akauliza. Nikajibu mimi, maana mimi ndiye msomi wa familia: "Ya presha peke yake." Mama alikuwa kitini, anaitazama taa, kimya.

Sikudhani nimedanganya. Kwetu dawa ni vidonge vilivyo kwenye bahasha juu ya kabati. Alikuwa amewahi kuteleza mlangoni akavunjika kifundo cha mkono, akaambiwa mifupa yake imekuwa dhaifu, na tangu hapo akawa anawekewa dripu mara moja kwa mwaka. Hiyo sikuihesabu. Niliiona kama safari ya hospitali tu.

Gego likatoka. "Moja tu?" Mama akamtania daktari. "Mimi nilitolewa sita bila ganzi."

Shimo halikufunga. Mwezi ukapita, na wa pili. Kanisani akaacha kuimba, akawa anaziba mdomo kwa leso kwa sababu ya harufu. Siku moja nilimulika kwa tochi ya simu nikaona kitu cheupe kwenye ufizi. Nikadhani ni punje ya wali, nikajaribu kukitoa kwa pamba. Hakikutoka. Ulikuwa mfupa wa taya yake.

Daktari wa pili, mama wa makamo, aliuliza kwa namna nyingine: "Amewahi kuwekewa sindano au dripu ya mifupa?" "Ndiyo," nikajibu, "kila mwaka." Akatueleza taratibu kwamba dawa ile huzuia mifupa isiendelee kuliwa, na imemsaidia asivunjike tena, lakini mara chache taya likijeruhiwa hushindwa kujitibu. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Ikaja miezi ya dawa za kusukutua, antibiotiki, uji na mchuzi. Mama akakonda. Ngege tukaacha kununua, maana nani angekula kichwa mbele yake? Nilimsukutulisha asubuhi na jioni kama mtu anayelipa dhambi, na dhambi yenyewe sikuitaja. Hatimaye kipande cha mfupa kikajitenga, daktari akakitoa, na ufizi ukaanza kufunika pale mahali.

Jumapili iliyofuata Mama mwenyewe akadai samaki apikwe. Tulipoketi, nikashindwa kujizuia. "Mama, ni mimi nilikuharibu. Sikumwambia daktari juu ya dripu."

Akaniangalia kama niliyemwaga uji. "Nyathina, mwanangu, kwani mimi ni kiziwi? Si nilikuwa hapo?"

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Na sista wa dripu alikuwa ameniambia nisitoe jino kabla sijawaambia. Nikanyamaza. Ningesema, huyo kijana angenirudisha nyumbani na jino yangu. Nikasema, sita zilipona, hii moja itanifanya nini?"

Nilikasirika, sitaficha. Miezi yote ile nimebeba lawama peke yangu, naye ananitazama tu! Nikafungua mdomo nimwambie, nikaona hajamgusa samaki aliyemdai mwenyewe. Kumbe naye alikuwa na mzigo wake.

"Niliona aibu," akasema. "Wewe unanisafisha kila siku, na makosa ni yangu."

Akachukua kichwa cha samaki, akakiweka kwenye sahani yangu. "Kula. Mimi mchuzi inanitosha."

Sikuwahi kupewa kichwa hicho maishani. Nilikinyonya huku machozi yakinitoka, naye akiinama kunikagua mfupa kwa mfupa.

"Hapo kwa shavu," akasema, "umeacha nyama."