Bastola Iliyomjua Emory

Nadine Bickel alikuwa na sauti ya kusimamisha risasi, na hapo sitii chumvi. Pale kwenye kiwanja cha shabaha cha klabu yetu ya wawindaji, huku milimani Pennsylvania, akipaza "Sitisheni!" hata mtu aliyekwisha kubana pumzi ili afyatue aliishusha pumzi yake na kidole akakitoa. Siku za kazi alipika katika jiko la shule. Mwisho wa wiki alisimama nyuma ya mstari wa walenga shabaha, koti la rangi ya chungwa mwilini, mikono kiunoni, akitafuta wa kumgombeza. Na hakumkosa.

Ukimpa mwenzako bunduki bila kuifungua chemba ya risasi aone kwamba haina kitu, Nadine alikuumbua mbele ya watu. Ukijitetea, "Lakini dada, si umeniona mwenyewe nikitoa risasi?" ndiyo kwanza umemwagia mafuta ya taa motoni.

"Nimeona! Kwa hiyo kuona kwangu ndiko kutakakomfufua mwenzio? Fungua, naye aangalie kwa macho yake!"

Hasira hizo alizirithi kwa baba yake, mchimba makaa ya mawe, aliyewafundisha yeye na mdogo wake Emory kulenga shabaha kabla hawajajua baiskeli. Mzee yule alichapa kwa kosa moja tu: kumwelekezea mtu mtutu, hata kama mtutu wenyewe ni fimbo ya kuchezea.

Emory yeye alitoka mpole. Alikuwa fundi wa kiwanda cha samani mpaka kiwanda kilipofungwa. Majira ya baridi yaliyofuata mkewe, Jolene, akafariki. Akabaki katika nyumba ile na mbwa wake wa kuwindia sungura, mbwa mwenye masikio marefu ya kufagilia umande. Binti yake alipoanza kumletea wajukuu siku za mapumziko, Emory alikwenda mji wa mbali akanunua bastola ya kidole. Ni ile yenye betri, inayoitambua alama ya kidole cha mwenyewe: akiishika yeye, taa ndogo ya kijani inawaka na bastola inakubali kufyatuka; akiishika mwingine, ni chuma tu, haina tofauti na nyundo. Hakutaka mjukuu apekue droo yakatokea makubwa. Sasa niambieni, wenzangu, hapo kosa lake liko wapi?

Aliinunua kimya kimya kwa kuwa aliwajua wenzake. Lakini siri katika bonde letu ni sawa na moshi. Harlan Wert, mwenye duka la bunduki, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa klabu, aliisikia na siku hiyo hiyo akampa jina.

"Betri huyo anakuja! Betri, umejichaji leo?"

Watu wakavunjika mbavu. Emory naye akacheka, mwanzoni. Kisha akapunguza kuja klabuni. Kisha hakuja kabisa. Nadine alipompigia simu alijibiwa neno moja moja, majibu ya mtu anayejibu ilimradi amejibu. Akawa anakwenda na chakula, anakuta chakula cha juzi hakijaguswa, anafoka, anaosha vyombo, anaondoka. Kufoka ndiko alikokujua.

Ukaja mkutano wa klabu, msimu wa kuwinda kulungu ukiwa mlangoni. Lilikuwa suala moja tu: kampuni inayotengeneza bastola za kidole ilikuwa imeomba nafasi ya kuja kuzionyesha kiwanjani petu. Waruhusiwe, wasiruhusiwe? Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, ukumbi ukajaa, na Nadine akawa nyuma ya sufuria la supu ya kuku na mahindi, anapakua na kusikiliza.

"Leo watasema ni hiari," Harlan alisema, amesimama, kofia kaisukuma nyuma. "Anayetaka anunue, asiyetaka aache. Kesho itatoka sheria: bunduki zote ziwe za kidole, na hizi za babu zetu tuzipeleke zikayeyushwe. Mimi dukani kwangu haiingii hata moja. Nimeapa!"

"Na mimi kidole nitakitoa wapi?" akadakia Delbert Snook, mwashi, akiwaonyesha watu mikono yake. "Saruji imenifuta alama zote. Mwizi kasimama mlangoni, mimi nasugua kidole: tafadhali jaribu tena, tafadhali jaribu tena!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mwambie mwizi akusubiri uichaji!" mwingine akapiga kelele.

Corinne Shaffer, muuguzi, alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu. Alisimama bila kupewa nafasi. "Mnacheka nini? Mimi nimewapokea watoto hospitalini. Watoto! Mtoto kakuta bastola chini ya mto wa baba, basi. Kifaa kimepatikana cha kuzuia hilo, na wanaume wazima mnakifanyia mzaha. Hiki kikiingia kila nyumba, tatizo limekwisha."

"Limekwisha, eti!" Harlan akabeua midomo.

"Ndiyo, limekwisha!"

Wakaenda hivyo, huyu akivuta huku na yule kule, supu inapoa mezani. Nadine alikuwa anawapakulia wote kwa hasira ile ile. Alimwona Harlan analinda mauzo yake kwa jina la babu zake. Alimwona Corinne ana haki, ila alikuwa anaisema haki kana kwamba dunia ina tatizo moja na yeye kalishika mkononi. Lakini lililomkera zaidi ni kwamba mtu mmoja tu katika bonde zima alikuwa na bastola hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yuko wapi aje kuwaeleza.

"Basi tumwite Betri atoe ushahidi!" mtu akatania.

"Mwacheni Betri wa watu," Delbert akasema. "Mimi namwombea heri. Juzi kanipa mbwa wake."

"Kakuuzia?"

"Kanipa, nakwambia! Na mnyororo wake, na sahani yake ya kulia. Nikamwambia, Emory, msimu huo unaingia, utawinda na nani? Akasema, mchukue tu, mimi sitamhitaji tena."

"Betri kaona mbwa hana mahali pa kuchomeka waya!"

Wakacheka tena. Upawa wa Nadine ukabaki hewani, supu ikamdondokea kiatuni.

"Sitisheni!"

Ilitoka kama inavyotoka kiwanjani. Watu waliganda, mmoja na kijiko mdomoni.

"Delbert, alisemaje? Rudia."

"Alisema... hatamhitaji tena." Delbert alisema taratibu, na safari hii akajisikia mwenyewe.

"Mtu wa hapa kwetu," Nadine alisema, "anagawa mbwa wake aliyemlea mwenyewe tangu hajafungua macho, msimu unaingia, na nyinyi mnaangua vicheko. Hivi mna nini vichwani? Kuna mtu alikwenda kumuuliza kulikoni? Kuna aliyegonga mlango? Mmemfukuza hapa kwa jina la kipumbavu, na leo mmekaa saa nzima mnagombania kifaa!"

Corinne alisogea, akasema kwa sauti ya kutuliza, "Dada Nadine, usiogope kupita kiasi. Angalau aliyonayo ni ile iliyo salama."

"Salama kwa nani, Corinne?" Nadine alimgeukia, sauti imekatika. "Kwa mjukuu, sawa. Kwa mwizi, sawa. Lakini Emory inamjua! Si ndiyo kazi yake, kumjua? Akiishika itamwashia taa ya kijani, kama mtu anayemkaribisha ndani."

Corinne aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kubishia ukweli.

"Ndiyo maana nikasema takataka hizi..." Harlan akaanza.

"Nawe koma! Zile bunduki zilizojaa kwenye sefu yake alizinunua wapi? Kwako! Zenyewe zitamkataa? Kuna hata moja itakayomuuliza, Emory, uko sawasawa leo?"

Akafungua aproni, akaitupa juu ya mikate, akatoka.

Alipowasha pikapu mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Ni Harlan.

"Shuka."

"Utabeba bunduki zote zile peke yako?"

"Nimesema shuka. Gari langu halipakii watani."

"Nadine," Harlan alisema, na kofia alikuwa kaivua. "Nitukane njiani. Lakini twende."

Alimtukana njiani. Barabara nzima ya bondeni, kona kwa kona, na Harlan hakujibu hata moja.

Walimkuta Emory jikoni. Alikuwa amenyoa ndevu. Nyumba ilikuwa safi, sakafu imepigwa deki, vyombo vyote kabatini, na usafi huo ndio uliomkata Nadine maini. Alikuwa amezoea kukuta uchafu na kuufokea.

"Mmekuja kwa wingi," Emory alisema. "Kuna nini?"

Nadine hakuketi. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuzunguka, lakini maneno ya kuzunguka hayakuwa yake.

"Emory, unafikiria kujiua?"

Harlan alishtuka. Emory akatazama kikombe chake, akakizungusha, akakizungusha tena.

"Wewe hujui kubisha hodi," akasema. Kisha akakiweka kikombe chini. "Siku nyingine nafikiri, dada. Siku nyingine sifikiri kitu chochote, na hizo ndizo mbaya zaidi."

Hapo Nadine akaketi. Akamshika mkono, akaushika kwa nguvu kama anayemzuia mtoto barabarani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungegomba."

"Ningegomba! Ningekugombeza mpaka masikio yatoke damu, lakini ungekuwa umesema!" Alikuwa akilia, na kilio chenyewe kilimkasirisha. "Bunduki zinaondoka leo. Zote. Si zawadi, si kuuza, ni zako. Nakushikia mpaka utakapopata nafuu, basi. Na hospitali unakwenda."

Emory alisukuma ufunguo wa sefu juu ya meza, ukaenda mpaka mbele ya dada yake.

Nadine akazitoa moja moja, mwenyewe. Kila moja aliifungua, akaangalia, akampa Harlan, naye Harlan akaangalia tena kabla ya kuipokea, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeharakisha. Ilipofika bunduki ya marehemu baba yao, Emory aligeuza uso dirishani.

Bastola ilikuwa kwenye droo ya juu. Nadine aliishika na taa haikuwaka. Akaitoa risasi, akaifungua, akaangalia.

"Hiyo mwachie mwenyewe," Emory alisema. "Kwako ni chuma tu. Utaifanyia nini?"

"Kwangu ni chuma. Ndiyo maana naishika mimi."

Akampa Harlan. Harlan alisimama pale na kile kitu alichoapa hakitaingia dukani kwake.

"Emory," akasema, "lile jina..."

"Usianze, Harlan."

"Nilikuwa mpumbavu."

"Bado u mpumbavu. Peleka nje."

Harlan akapeleka nje. Bunduki ndefu zilikwenda kwa Nadine, na bastola ya kidole, ya kwanza na ya pekee, ikalala kwenye sefu ya duka la Harlan Wert. Jioni ile Corinne alifika bila hotuba yoyote. Aliketi na Emory, akapiga simu anazozijua yeye, na asubuhi akampeleka kwa daktari.

Klabu ilirudia mkutano. Waligombana kama kawaida, wakapiga kura, watu wa kampuni wakaruhusiwa kwa kura chache, na Harlan bado anaapa kwamba sheria ipo njiani. Nadine alipiga kura ya ndiyo, kisha akasimama akawaambia kitu hicho ni kizuri kwa kazi yake, na kazi yake si kumtembelea jirani. Hawakumpigia makofi. Hakuwa ameyataka.

Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, mlango wa Nadine uligongwa kama unaovunjwa. Emory. Kavaa koti la chungwa, viatu vya mlimani, kofia ya sufu.

"Nipe bunduki ya baba."

"Sikupi."

"Daktari kasema naendelea vizuri!"

"Aseme hivyo na mwezi ujao, na unaofuata."

"Unaniaibisha, Nadine! Bonde zima liko mlimani, mimi mtu mzima nimesimama kwenye theluji mikono mitupu!" Akaipiga teke ndoo ya majivu, ikabiringika mpaka uani. "Jeuri wewe! Jeuri tangu utotoni! Ulinifungia ghalani nikiwa na homa!"

"Na ningekufungia tena! Mjinga wewe tangu siku uliyozaliwa, nilikuwepo nikakuona!"

Walipigiana kelele hadi jirani akafungua dirisha. Mwaka mzima Emory hakuwahi kumwinulia mtu sauti, na sasa mishipa ilikuwa imemtoka shingoni, mashavu mekundu, anatupa mikono. Nadine alijibu kila neno, wala hakupunguza.

"Basi naenda bila bunduki!" Emory akasema. "Naenda kumcheka Delbert akikosa."

"Nenda!"

"Naenda!"

Akashuka ngazi, akayavuka yale majivu yaliyomwagika, akafika kwenye lango, akageuka.

"Na hiyo bunduki uipake mafuta. Ikishika kutu tutaonana."

"Sihitaji kufundishwa!"

Nadine akabamiza mlango mpaka vioo vikalia. Akasimama nyuma yake kidogo, kisha akaenda kutafuta kitambaa na mafuta.