Grisi ya Baba

Kwa Baba, baiskeli haivuki mlango kabla spana haijapita kwenye kila nati. Hiyo ilikuwa sheria yake miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, Nairobi, akienda na kurudi kwa blakimamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo ukiibeba ngazi tatu tu mgongo unaanza kulalamika. Kila Jumamosi aliifungua, akaifuta, akaipaka grisi, akakaza kila kilichokazika. Mpaka leo anajisifu kwamba hajawahi kuchelewa kazini kwa sababu ya baiskeli. Mvua, ndiyo. Mgomo, ndiyo. Baiskeli, hata siku moja.

Mama alipofariki tulimtoa Baba kijijini, Vihiga, akaja kukaa nami Nairobi, mtaa wa Jericho. Nina vyumba viwili, cherehani, na baiskeli ya mbio inayoishi nyuma ya kochi. Miezi ya kwanza Baba alikaa tu. Alikunywa chai, akatazama mlango, akaniuliza ni saa ngapi, na baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Nilimwogopea kweli. Kisha Jumamosi moja nikarudi kutoka sokoni, ambako nashona sare za shule, nikaikuta baiskeli yangu imepinduliwa juu chini sebuleni. Magazeti yalikuwa yametandazwa sakafuni, cheni imelala ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa na kutiwa mafuta taa, na Baba yuko chini kwenye kigoda anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mazishi.

Tangu siku hiyo baiskeli ikawa kazi yake, na sitii chumvi nikisema ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Aliamka akaipapasa tairi kabla hajanisalimu. Kama ningeiondoa mikononi mwake, sijui kingebaki nini cha kumwamsha. Hilo nililijua vizuri, na bado nikafanya nilichofanya.

Mbio nilizianza nikiwa mtu mzima, umri ambao wenzangu wanajiunga na vyama vya akina mama. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ilikuja na kontena kutoka Ulaya, na nimekuwa nikiiboresha kidogo kidogo: leo usukani, baada ya miezi minne magurudumu, mwaka unaofuata gia. Baba aliipinga kila hatua. Gia za nyuma zilipotoka nane zikawa kumi aliniuliza kama nahamia Mlima Kenya. Lakini usiku huohuo alivaa miwani yake, akakaa mbele ya ile mitambo midogo ya gia, na kwa siku tatu akajifunza skrubu zake, akizigeuza nusu raundi na kuandika kwenye karatasi ya unga. Siku ya nne gia zilikuwa zinaingia bila sauti. Hakuna fundi wa Jogoo Road aliyewahi kunifanyia kazi safi namna ile.

Kisha nikanunua bomba la kaboni, lile linaloingia kwenye fremu na kushika kiti. Baba alilipima mkononi, akaligonga kwa ukucha.

"Mama, hii ni plastiki."

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na akitaka kunikosoa hulivuta kidogo lile neno, maaama, kama anayemwomba marehemu msaada.

"Si plastiki, Baba. Ni kaboni."

"Na itakushikilia?"

"Itanishikilia. Lakini ukiikaza kama unavyokaza chuma, inapasuka. Kwa hiyo usiiguse."

Hapo ndipo nilipokosea. Nina ulimi wa haraka. Wateja wangu sokoni wanajua, wananivumilia kwa sababu mshono wangu ni mzuri. Sikumweleza kwamba kaboni haitaki grisi kabisa, kwamba hupakwa krimu yake maalum yenye punje punje za kushika, ndiyo maana bomba likishapakwa huonekana kama lina vumbi. Nilikuwa na sare thelathini za kumaliza. Nilisema usiiguse, nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi kabla ya mbio nilishinda sokoni. Ilikuwa mbio ya wanawake iliyoandaliwa na vilabu vichache, mizunguko sita kwenye barabara ya Kangundo, huko mbele ya Ruai ambako upepo hauna kizuizi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa miezi, naamka gizani kabla ya magari, na kwa mara ya kwanza nilijiona naweza kumaliza katika kundi la mbele.

Asubuhi ya Jumapili Baba alinifungulia mlango mwenyewe. Baiskeli ilikuwa inang'aa mpaka kwenye spoki.

"Nimeipitia yote," alisema. "Nenda salama, mama."

Mzunguko wa kwanza na wa pili nilikuwa vizuri. Tulikuwa saba mbele, tunapokezana kuukata upepo, na nilikuwa na nguvu za kuchezea. Mzunguko wa tatu nikaona magoti yangu yanapanda juu kuliko kawaida. Nikadhani ni uchovu. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu. Alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Mbotela, muuza viungo, anayevaa hijabu yake chini ya helmeti na hakuna anayempita kwenye mteremko.

"Wee! Kiti yako inashuka!"

"Inashuka aje?"

"Inashuka, nakuambia! Uko chini kama mtoi wa chekechea!"

Nikaweka mkono nyuma. Kweli, bomba lilikuwa limezama vidole vinne. Nikajitoa pembeni, kundi likaenda, nikatoa kispana changu nikakivuta kiti juu. Mkono ulirudi na grisi ya manjano, nzito, ile ya kopo ambayo Baba huipaka vyuma vyote tangu nikiwa sijui kusoma. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Niliifuta kwa jezi, nikakaza, nikapanda. Kilomita mbili baadaye nilikuwa chini tena. Nikasimama tena, kikashuka tena, na kila nilipoona kimeshuka hasira zilinipanda.

Niliamua kumaliza hivyohivyo. Mizunguko miwili ya mwisho niliiendesha nimesimama kwenye pedeli, na nilipochoka nilikaa magoti yakinigonga kifua. Watu waliokuwa kando ya barabara walifurahi sana. Jamaa mmoja aliyekaa juu ya pikipiki alipaza sauti: "Madam, rudishia mtoto baiskeli yake!" Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho, mapaja yanawaka, na machozi ya hasira, ambayo kwangu huwa mengi kuliko ya huzuni.

Niliporudi, Baba alikuwa amekaa nje na majirani wawili wa mstari wetu. Aliinuka aliponiona.

"Ilikubeba vizuri, mama?"

Ningeweza kuingia ndani kwanza. Ningeweza kunywa maji. Badala yake niliisimamisha baiskeli mbele yao wote, nikakishika kile kiti na kukisukuma kwa kiganja, kikazama chini mbele ya macho yao.

"Nilikwambia usiiguse! Umetoa krimu, ukapaka grisi! Nani alikuomba? Hii si blakimamba, Baba. Kazi yako iliisha kiwandani, na hapa pia iishe."

Jirani mmoja alianza kuangalia viatu vyake. Baba alinitazama kidogo tu. Kisha akaenda kwenye bomba la maji, akanawa mikono kwa sabuni, polepole, kila kidole, akaingia ndani. Jioni alikula, akasema asante, akalala.

Hakuigusa baiskeli tena. Hakununa, hakugombana nami, hakufunga mlango kwa kishindo. Alifagia sebule, akifika kwenye baiskeli anaizunguka. Cheni ilianza kulia, nami nikaisafisha mwenyewe vibaya, nikaacha alama za vidole vya mafuta kwenye kochi. Tairi ilipata pancha, nikaziba mwenyewe huku yeye amekaa hatua mbili kutoka kwangu anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alianza tena kuniuliza saa. Alianza kulala mchana. Siku moja nilirudi saa saba nikamkuta bado yuko kitandani na nguo za kulalia, na hakuwa mgonjwa. Aliniambia hakuona sababu ya kuamka mapema.

Niliona haya, nawaambia ukweli. Kwa habari ya kaboni nilikuwa na haki mia kwa mia, na haki yenyewe haikunisaidia kitu.

Nilimweleza rafiki yangu wa Mbotela tukiwa dukani kwake, tumezungukwa na magunia ya bizari na iliki. Nilitarajia aniunge mkono, maana yeye ndiye aliyeona kiti kikishuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anampimia mteja pilipili manga.

"Ulimwambia ni kwa nini hatakiwi kuigusa?"

"Nilimwambia usiiguse."

"Hiyo umenishow. Nauliza kama ulimwambia sababu."

"Ya kukaza, ndiyo. Ya krimu, hapana."

"Basi, dada, huyo mzee alifanya kazi yake. Wewe ndio hukufanya yako."

Nilipokuwa natembea kurudi Jericho niliwaza jinsi ile Jumamosi ilivyokuwa. Alilitoa bomba akaona punje punje, akadhani ni vumbi la barabara limeingia. Akalifuta kwa kitambaa mpaka likang'aa. Akalipaka grisi, kwa sababu bomba la chuma lisipopakwa hushika kutu na kugandana na fremu, na hilo alilijua kabla sijazaliwa. Kisha alipofika kwenye nati, akakumbuka nimemwambia ikikazwa sana inapasuka. Akaikaza kwa upole. Yule mtu ambaye maisha yake yote amekaza mpaka chuma kilie, aliikaza kwa upole kwa ajili yangu. Kwa lile nililomweleza, alinitii. Kwa lile nisilomweleza, alifanya anavyojua.

Nilipofika alikuwa kwenye kigoda chake, hana chochote mikononi. Nilitoa kichupa cha krimu, nikakaa chini sakafuni mbele yake, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana.

"Baba, nipe kidole."

Akanipa. Nikamtilia krimu kidogo. Akaisugua kati ya kidole na gumba, muda mrefu.

"Ina mchanga."

"Ndiyo. Huo mchanga ndio unaoshika. Kaboni haishiki kutu, kwa hiyo haitaki grisi. Inataka hii. Sikukwambia. Nilipaswa kukwambia, na sikukwambia. Halafu nikakutukana mbele ya watu. Nisamehe, Baba."

Aliendelea kusugua kile kidole.

"Nilidhani ni uchafu," alisema. "Niliifuta sana."

"Najua."

"Huko Kangundo Road kuna malori ya mawe."

Sikuelewa. Nikadhani amehama mada, kama wazee wanavyofanya.

"Yapo, Baba, lakini siku ya mbio wanayazuia kidogo."

"Kidogo," akasema. "Mama, wewe unadhani nilikasirika. Sikukasirika. Watu hugombana, hata mimi nimekugombeza sana ulipokuwa mdogo. Lakini ulipokisukuma kile kiti kikashuka, nilikuona ukianguka. Niliona lori. Kila nikifumba macho naliona. Mikono hii ilitengeneza sabuni, ikalisha watoto watano, na siku ile karibu ikuue. Nikasema haitagusa kitu chako tena."

Wiki zote zile nilidhani analinda heshima yake. Kumbe alikuwa ananilinda mimi, na mtu aliyekuwa ananilinda dhidi yake ni yeye mwenyewe. Nililia, na safari hii haikuwa hasira. Yeye alitafuta leso kwenye mfuko wa shati, akanipa, ikiwa na harufu ya mafuta taa.

Nilipotulia niliivuta baiskeli kutoka nyuma ya kochi. Nikachomoa bomba, nikalifuta mpaka likawa kavu, nikaliweka mapajani mwake pamoja na kichupa na ile spana ndogo inayolia tik nati ikifika mahali pake.

"Fanya wewe," nikasema.

"Hapana."

"Fanya wewe. Mimi nitakaa hapa."

Alichukua muda. Alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa. Akapaka krimu kwa kidole, nyembamba, akizunguka. Akaingiza bomba, akapima urefu kwa mkono wake, akaanza kukaza. Spana ilipolia tik aliruka kidogo.

"Basi?"

"Basi, Baba. Imetosha."

Aliiachia nati kwa shida. Niliona kabisa kwamba vidole vyake vilitaka kuongeza nusu raundi.

Kesho yake alfajiri nilivaa viatu vya baiskeli. Tangu ile mbio nina desturi yangu nami, niliyoirithi kwake na kuizidisha: kabla sijatoka hujaribu kukizungusha kiti kwa mikono miwili, huitikisa nati, huyajaribu magurudumu. Baba alikuwa ameamka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hanitazami mimi, anatazama mikono yangu, anangoja nijaribu kiti.

Niliichukua baiskeli, nikaivusha kizingiti, nikapanda, nikakaa kwa uzito wangu wote, nikaondoka bila kugusa nati hata moja.