Vidonge Nilivyovificha Kwenye Droo ya Vifungo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu: siku niliyomharibia bibi harusi mushanana wake, lile vazi letu la sherehe la kutupia begani, kwa jasho langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka arobaini na tano. Wewe unaona huo ni uzee. Ngoja ufike, utajua kwamba ni ujana mtupu. Kitambaa kilikuwa cha hariri, rangi ya maziwa, na harusi ilikuwa imebaki siku mbili. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa hapa Gisenyi, mvua imetoka kunyesha, watu nje wamevaa makoti, na mimi ghafla joto linanipanda kutoka kifuani hadi utosini kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya ugali usoni. Kabla sijapata cha kujifutia, matone yakaanguka kwenye ile hariri.

Ndiyo maana jana, ulipokuja na boksi lako mkononi ukasema, "Shangazi, afadhali niviache hivi vidonge," nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile ya hariri nilikuwa nimeondolewa titi la kushoto. Saratani. Nikatiwa zile dawa kali za mshipani, nywele zikaanguka, zikaota tena, nikadhani tumemaliza. Kumbe bado. Daktari akanipa tamoksifeni, kama hivyo vyako, kidonge kimoja kila siku, kwa miaka. Saratani yangu, alisema, ilikuwa ikilishwa na homoni ya kike, na kidonge kile kingeizuia homoni isizifikie mbegu zozote za saratani zilizobaki mwilini. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikaenda zangu.

Basi kidonge kikaanza vituko. Joto, mara kumi kwa siku. Usingizi wa kukatika katika. Hasira, hadi nikamfokea mteja kwa sababu ya zipu! Na mambo ya chumbani, kwa kuwa umeolewa nakwambia wazi: ukavu, maumivu, nikawa namkwepa mume wangu, Baba Keza, naye akadhani nimemchoka.

Bibi harusi yule alilia. Nikatafuta hariri nyingine, nikashona upya, harusi ikafanyika. Lakini mimi nikaacha kumeza. Sikumwambia mtu.

Na baada ya wiki chache, mwanangu, nilijisikia vizuri ajabu! Nilishona nikiimba. Kliniki sikuacha kwenda. Daktari akiniuliza, "Mama, dawa unaionaje?" namjibu, "Nzuri sana." Anafurahi, ananipa boksi jingine, narudi nalo nyumbani na kulitumbukiza kwenye droo ya vifungo. Miezi mitano nilifanya hivyo. Sikumwogopa, alikuwa binti mpole. Niliona aibu tu. Kanisa zima lilikuwa limeniombea, ndugu wamenichangia. Nitasema vipi kwamba kitu kidogo kama punje ya mahindi kimenishinda?

Aliyenifumania ni Mama Zawadi, muuza vitenge wa Goma. Alivuka mpaka karibu kila asubuhi na mzigo kichwani. Alikuwa amenizidi miaka mingi, nami nilimwita Yaya, kama wanavyomwita huko mtu aliye mkubwa wako. Siku hiyo kifungo cha blauzi yake kilikatika. Akavuta droo mwenyewe bila kuuliza, ndivyo alivyokuwa. Kisha nikasikia maboksi yakitolewa, moja baada ya jingine. Nikageuka.

"Mama Keza, hii njo nini? Maboksi tano, hata moya haiyafunguliwa?"

Nikamweleza yote: jasho, usingizi, mume, hariri. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Munganga anajua?"

"Hapana, Yaya, daktari hajui."

"Bon. Mi siko munganga. Sikuambie meza, sikuambie acha. Lakini we kila siku unalalamika wamama wanakaza tumbo wakati unawapima, kisha nguo inakataa. Na we unaenda kwa munganga, unakaza tumbo! Sasa atakupimia nini? Beba haya maboksi yote, umupelekee. Umwambie vile umeniambia miye."

Unafikiri nilishukuru? Nilinuna wiki nzima. Nilisema moyoni, huyu hajui ninachopitia. Lakini maneno yake yaliniganda, na wiki iliyofuata nikafunga safari ya hospitali, maboksi ndani ya mfuko.

Nikayamwaga mezani kwa daktari, nikangoja kufokewa. Yule binti akavua miwani.

"Asante kwa kuniambia, mama. Kati ya haya yote, lipi linakuharibia maisha zaidi?"

Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Tukakaa, tukapima pande zote mbili. Uvimbe wangu ulikuwa mkubwa, na ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapani, kwa hiyo faida ya dawa kwangu ilikuwa kubwa pia. Hakunidanganya kwamba inazuia saratani kurudi kabisa. Alisema inapunguza sana uwezekano huo. Kuhusu madhara, akaniambia joto na ukavu vinasumbua lakini vinatulizwa. Ya kuogopa ni damu kuganda na ukuta wa mji wa mimba kubadilika. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, au damu ikitoka isivyo kawaida, nisingoje tarehe ya kliniki, niende siku hiyo hiyo.

Akanieleza na njia nyingine: sindano ya kuzipumzisha ovari, pamoja na kidonge cha aina tofauti. "Ila hicho nacho kina joto lake, na mara nyingi kinabana viungo na kudhoofisha mifupa."

Nikavitazama vidole vyangu. Fundi cherehani!

"Daktari," nikasema, "jasho nitapambana nalo. Vidole niachie."

Akacheka, nami nikacheka. Akaniandikia dawa ya kutuliza joto, baada ya kuhakikisha haigombani na tamoksifeni, maana zipo zinazoipunguza nguvu. Kwa yale ya chumbani akanipa jeli isiyo na homoni. Nijaribu miezi mitatu, akasema, kisha nirudi na ukweli.

Lakini kwanza vipimo. Miezi mitano bila kinga! Kwenye lile benchi la kungojea majibu nilijihukumu kuliko ambavyo mtu yeyote angenihukumu. Keza alikuwa bado mdogo. Nikajiuliza nitamwambia nini.

Mlango ukafunguka. "Mama, hatuoni dalili yoyote."

Nilipiga kelele! Nilimkumbatia daktari, nikamkumbatia mfagiaji wa ukumbini ambaye hata hanijui. Na kesho yake asubuhi nilikimbia hadi Petite Barrière, pale kivukoni mpakani, mimi na kandambili zangu, nikamwona Mama Zawadi kwenye foleni ya watu wanaoingia, jetoni yake ya kuvukia mkononi.

"Yaya! Ni safi! Wamesema ni safi!"

Akatua mzigo chini, akaanza kucheza pale pale. Wanawake wa foleni wakapiga makofi bila kujua sababu, na polisi, aliyekuja kutusogeza, akajikuta anatabasamu. "Njo maneno hiyo!" Mama Zawadi alikuwa akipaza sauti. "Njo maneno hiyo, Mama Keza!"

Joto halikuisha lote. Kutoka mara kumi lilishuka hadi mara mbili, tatu kwa siku. Nilisogeza cherehani dirishani, nikapunguza pilipili, nikamweleza Baba Keza kila kitu, naye maskini alikuwa akingoja tu kuambiwa. Mwezi uliopita daktari alisema miaka yangu ya kumeza imetosha. Imetosha, mwanangu!

Basi nasaha yangu ni hii. Usiache dawa kimya kimya, wala usiteseke nayo kimya kimya. Andika kila kinachokusumbua, hata cha aibu. Muulize daktari: kwangu mimi, faida yake ni kubwa kiasi gani? Madhara gani yanatulizwa, na yapi ni ya kukimbilia hospitali? Ipo nyingine? Jibu lako linaweza lisifanane na langu. Nina rafiki wa Mudende ambaye uvimbe wake ulikuwa mdogo, na kile kidonge cha aina ya pili kikamletea mifupa ya kuvunjika; alikaa na daktari wake wakakubaliana aache. Leo analima viazi vyake. Hakukosea, kwa sababu aliamua akiwa anajua, na daktari wake akiwa anajua.

Jumatatu nitakusindikiza kwa daktari wako. Nitakaa nje ukitaka, nitaingia ukiniita.

Mungu akulaze usingizi mtamu, mwanangu. Akupe ulimi usioona haya na daktari mwenye masikio. Akupe miaka mingi, uizeekee hapa karibu na ziwa, na siku moja binti fulani aje kwako na hofu yake, nawe uwe hai, mzima, mwenye kelele kama mimi, umfungulie mlango.