Hilario Tlapale Hakwenda kwa Urrutia kwa Miguu Yake

Wajomba zangu wamezoea kusema, “Babu yetu mfumaji alifanya kazi kwa Urrutia.” Wanavyosema, utadhani aliamka asubuhi, akachana nywele, akaenda zake kazini. Hakwenda. Aliibwa kama kuku.

Enzi hizo Mhispania ndiye aliyetawala, na Hilario Tlapale alikuwa akifuma mablanketi ya sufu kijijini kwetu, chini ya mlima Matlalcueye. Mkewe Petrona alisokota nyuzi, yeye akafuma uani, na binti yao Micaela alikuwa bado anatambaa. Siku moja walishuka mjini sokoni. Akawajia Ledesma, mnyapara wa kiwanda cha kufumia cha bwana mkubwa, don Baltasar Urrutia, akamshika Hilario bega kwa upole.

“Fundi, kuna kitanda chetu cha kufumia kinatusumbua. Njoo ukitazame mara moja, mkeo abaki na biashara.”

“Mara moja kweli?”

“Chapati zako hazitapoa.”

Akaingia, na lango likafungwa nyuma yake. Ndani kulikuwa na wanaume kutoka vijiji vyote vya jirani, waliochukuliwa vivyo hivyo: mmoja kwa kuombwa abebe mzigo, mwingine akiwa amelewa pombe ya mkonge. Walifuma humo, wakalala humo, na Jumapili padri alikuja kuwasomea misa humohumo ili wasitoke. Mtu akilegea, Ledesma alikuwa na mjeledi.

Petrona alikaa sokoni mpaka watu wakaondoka wote. Kisha akaenda langoni na mtoto mgongoni.

“Nimemfuata mume wangu.”

“Mumeo yupi?” Ledesma akacheka. “Humu wamo wengi, mama. Chagua.”

Akawa anakuja kila siku ya soko na chapati za mahindi na maharage yenye pilipili, amevifunga kwenye kitambaa. Ledesma alipokea, akaahidi kufikisha. Siku moja Petrona aligeuka njiani, akamwona amechuchumaa langoni anakula, mchuzi unamtiririka kidevuni. Tangu siku hiyo hakuleta tena chakula. Alileta mdomo wake. Urrutia akitoka kanisani na mkewe, Petrona alikuwa ngazini akipaza sauti:

“Don Baltasar! Mume wangu umemtia wapi? Au hilo joho ulilovaa ndiye yeye?”

Padri akamvuta pembeni. “Mwanangu, unaleta aibu mlangoni kwa Bwana.”

“Aibu nimeikuta hapa, padri. Nawe unaijua, maana kila Jumapili unakwenda kuisomea misa.”

Alipigwa kwa maneno hayo. Jumapili iliyofuata alikuwa palepale, jicho limevimba.

Miaka ikapita hivyo, Micaela akawa msichana wa kuteka maji. Ndipo akaja mkaguzi wa mfalme kuangalia kama kuna watu waliofungiwa viwandani. Mwanamke aliyefua nguo za Urrutia akamnong’oneza Petrona: “Dada, wanawashusha wanaume kwenye ghala la chini na kuwafunika marobota ya sufu.”

Petrona akawakusanya wanawake wa kijiji. Walipofika, lango lilikuwa wazi kwa heshima ya mgeni. Mkaguzi ameketi uani na Urrutia, wanakunywa chokoleti.

“Walevi hawa, mheshimiwa,” Ledesma alisema, akiwasukuma nyuma.

Petrona akampita chini ya mkono wake, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya mbao mlangoni mwa karakana, akaita kwa lugha yetu:

“Hilario! Kama u hai, gonga!”

Urrutia akatabasamu, akainua kikombe. Kisha kutoka chini ya sakafu ikasikika ngumi. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka mbao zikatetemeka chini ya matiti ya Petrona. Mkaguzi akaweka kikombe chini.

Walitolewa wakikohoa, sufu imewajaa puani. Micaela akajificha nyuma ya mama yake.

“Mama, huyu mzee ni nani?”

“Si mzee. Ni baba yako.”

Na Urrutia? Alimwambia mkaguzi kwamba watu hao ni wavivu, walijificha wenyewe kukwepa kazi. Wakacheka pamoja. Watu wetu waliachiwa, lakini kiwanda hakikufungwa, na sikukuu ya mtakatifu ilipofika Urrutia ndiye aliyebeba bendera mbele ya maandamano. Petrona akatema mate mbele ya viatu vyake, na safari hii hakuna aliyethubutu kumgusa.

Hilario aliishi muda mfupi tu. Kifua kilikuwa kimekwisha. Alimfundisha Micaela kutandika nyuzi na kufuma, akinong’ona kwa sababu pumzi haikutosha sauti, na Micaela akawafundisha wanawe, mpaka kazi hiyo ikafika kwa mama yangu na kwangu. Micaela ndiye aliyetuachia habari hii, na alisisitiza isilainishwe.

Mwaka jana jengo la Urrutia lilifunguliwa kuwa hoteli. Meneja wake, binti mwenye adabu nyingi, alikuja nyumbani kwangu.

“Bibi, tunataka mfumaji akae uani wageni wakinywa kahawa. Avae nguo za asili. Tutaliita ghala la chini Chumba cha Hilario, kumuenzi.”

“Chumba cha kufanya nini?”

“Cha kuonja mvinyo, bibi.”

Nilimwonyesha njia. Sikumpa hata maji.

Binamu yangu Rutilio alikubali ile kazi. Nikamwuliza kama anajua anakalia nini.

“Dada, hayo ni ya kale. Wale wamekufa wote.”

“Wamekufa, ndiyo. Nawe unawachezea wageni juu ya vichwa vyao.”

Akainama akajifanya anafunga viatu. Vilikuwa viatu visivyo na kamba.